Tume ya Haki za Binadamu Inavyomsaidia Mkazi wa Thika na Ruiru

Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu Kenya ni chombo huru cha kikatiba. Huchunguza malalamiko ya haki zilizokiukwa, na huduma yake ni bure. Mfanyakazi wa kiwandani Thika akidhulumiwa, au kijana wa Ruiru akizuiliwa na polisi kupita saa 24 bila kufikishwa mahakamani, tume inaweza kupokea malalamiko yake. Hupokewa kwa maandishi au kwa mdomo. Asiyejua kuandika naye husikizwa, na hivyo ndivyo inavyostahili. Hata hivyo, tume haichunguzi jambo ambalo tayari liko mahakamani.

Msikilizaji, haki yako ikikiukwa, weka kumbukumbu ya tarehe, mahali na mashahidi. Kisha peleka malalamiko kwa tume. Huduma ni bure.