Barua za Ng'ambo na Bei ya Kahawa: Posta ya Kikoloni na Biashara ya Moshi, 1890–1939



Tukizungumzia biashara ya zamani ya Kilimanjaro, hutaja kahawa, reli na ushirika. Posta huisahau. Mada hii inatetea hoja moja: aliyeandikiana na mnunuzi wa ng'ambo ndiye aliyeijua bei, na aliyeijua bei ndiye aliyekuwa na nguvu ya kupatana. Historia ya mkulima wa Kichagga sokoni ni, kwa sehemu kubwa, historia ya kuitafuta nafasi hiyo.

1. Meli ya barua kama chombo cha biashara

Mwaka 1872 kampuni ya meli ya British India ilianza kuleta barua Zanzibar kutoka Aden. Mwaka 1890 Wajerumani nao wakaanzisha Deutsche Ost-Afrika Linie, iliyotoka Hamburg, ikapita Mfereji wa Suez na kutia nanga katika bandari za pwani yetu. Serikali ya Berlin iliipa kampuni hiyo ruzuku ya marki 900,000 kwa mwaka ili meli zifuate ratiba, shehena iwepo isiwepo.

Kwa jina, fedha hizo zilikuwa za kubeba barua. Lakini meli yenye ratiba huvuta bidhaa. Hapo awali pembe za ndovu kutoka Uchaggani ziliteremka na misafara hadi Pangani, Tanga au Mombasa, na nyingi zikavushwa Zanzibar, walikokaa matajiri waliokopesha misafara. Meli zilizotoka Hamburg moja kwa moja hadi Tanga zilianza kuipokonya Zanzibar nafasi hiyo ya katikati. Mfanyabiashara wa bara akawa na njia ya pili, ila njia hiyo ilikuwa na mwenyewe.

2. Kutoka tarishi hadi garimoshi

Kutoka pwani hadi Moshi, barua ilikwenda kwa miguu, mikononi mwa matarishi. Ujenzi wa reli ulianza Tanga mwaka 1893. Ulifika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911, umbali wa kilomita 352. Mji mpya ukaota tambarare, karibu na stesheni, chini ya Old Moshi, kulikokuwa na boma la awali.

Mwenye duka mwenye ndugu au wakala Tanga, Mombasa au Bombay aliagiza nguo, mabati na sukari kwa barua, akapewa mali kwa mkopo, akalipa baada ya kuuza. Mkopo ule ulisimama juu ya mawasiliano: barua ikichelewa, duka lilikaa tupu. Mchagga aliyetaka kufungua duka alikuwa na ndizi, mifugo na nguvu zake. Hakuwa na mtu wa kumwandikia upande wa pili wa bahari.

Vita ya kwanza ya dunia ilizikatisha meli za Wajerumani. Vita hiyohiyo ndiyo iliyowafanya Waingereza wajenge reli kutoka Voi hadi Kahe, ikaungana na ile ya Tanga. Tangu hapo barua na kahawa za Moshi zilikuwa na milango miwili, Tanga na Mombasa.

3. Sampuli na hati

Ili kuelewa uzito wa posta katika kahawa, tuangalie vitu viwili vilivyosafiri ndani yake.

Cha kwanza ni sampuli. Mnunuzi wa London hakununua kahawa asiyoiona. Buni zilichambuliwa kwa mkono, zikatiwa kwenye kifuko kidogo chenye alama ya daraja na shehena, zikapelekwa kwa posta. Kanuni za posta za kimataifa zilikuwa na ada nafuu mahususi kwa sampuli za bidhaa. Ng'ambo buni zilikaangwa, zikaonjwa, ndipo bei ikatajwa. Magunia yangeweza kusafiri polepole, lakini kifuko kile ndicho kilichoyapatia bei.

Cha pili ni hati ya shehena. Bila karatasi hiyo mnunuzi hawezi kutoa mzigo bandarini, na benki haitoi fedha. Mwenye hati mkononi aliweza kukopa hata kabla ya kahawa kufika Ulaya.

Mkulima mwenye magunia machache kihambani, yaani kwenye shamba lake la nyumbani, hakuwa na kifuko wala hati. Alimuuzia mchuuzi kwa bei aliyotajiwa, akarudi nyumbani.

4. Wakulima wanapata anwani yao

Mwaka 1925 wakulima waliunda Kilimanjaro Native Planters' Association, KNPA, chini ya urais wa Joseph Merinyo, huku ofisa wa serikali Charles Dundas akiwaunga mkono. Walianza na mapambano dhidi ya wadudu na magonjwa ya mibuni, na utetezi wa haki ya Mwafrika kulima kahawa, haki ambayo walowezi walitaka ifutwe. Punde wakaingia kwenye kuuza kwa pamoja. Mwaka 1933 nafasi yao ikachukuliwa na chama kikuu cha ushirika, KNCU, na A.L.B. Bennett akawa meneja.

Hapo ndipo kahawa ya vihamba ilipopata ofisi, karani na anwani. Magunia ya maelfu ya kaya yaliuzwa kama mzigo mmoja. Mkulima alipokea malipo ya awali alipopeleka kahawa, na malipo ya pili baada ya mauzo.

5. Ndege na kasoro ya mwisho

Mwaka 1931 Imperial Airways ilifungua safari ya London hadi Mwanza. Mwaka 1937 barua za kawaida kutoka Uingereza kuja Afrika Mashariki zikaanza kupanda ndege bila ada ya ziada. Habari za soko zilizochukua wiki kadhaa baharini sasa zilifika kwa siku chache.

Mwaka huohuo wa 1937, wakulima wa Kilimanjaro walivamia maghala ya kahawa. Malipo yalikuwa madogo, na kanuni iliwalazimisha kuuza kupitia KNCU peke yake. Bei ya dunia ilikuwa na sehemu yake katika hasira ile. Lakini naona pia sababu nyingine: barua iliwahi kufika ofisini, ila maelezo hayakupanda mlimani. Umbali kati ya London na Moshi ulifupishwa; ule kati ya ofisi na kihamba ulibaki palepale.

6. Mapendekezo

Leo mnada wa kahawa uko hapahapa Moshi, na simu iko mfukoni mwa mkulima. Hata hivyo, wakulima wengi hupokea malipo ya pili bila kujua kahawa yao iliuzwa lini na kwa kiasi gani. Napendekeza:

(a) Kila chama cha msingi kibandike ubaoni, baada ya kila mnada, daraja la kahawa yake, bei iliyopatikana na makato yote, moja baada ya jingine.

(b) Viongozi wa vyama wafundishwe kuonja kahawa na kusoma hati za mauzo, ili wasitegemee maneno ya mnunuzi.

(c) Barua, stakabadhi na vitabu vya hesabu vya zamani vilivyomo katika ofisi za ushirika, misheni na majumbani vikusanywe na kuhifadhiwa kabla mchwa hawajavimaliza.

Wazee wetu walipigania haki ya kulima kahawa, kisha haki ya kuiuza. Haki ya kuijua bei yake haijakamilika, na inaweza kuanza kutekelezwa msimu huu, kwa ubao na chaki.