Mwalimu Bernard Mate na Daftari la 1957



Tumeombwa tuseme juu ya uchaguzi. Tutaanzia kwetu, Meru na Embu, katika miaka ya mwisho ya taji la Malkia wa Uingereza, lililoondolewa Kenya ilipokuwa jamhuri tarehe 12 Desemba 1964.

Machi 1957 Waafrika walichagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza, watu wanane tu. Jimbo la Kati lilimpata mwalimu kutoka Meru, Bernard Mate. Alimshinda Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuketi katika baraza hilo, aliyeteuliwa mwaka 1944. Tumewasimulia watoto ushindi huo kama sifa ya ualimu, nayo ni kweli nusu. Hali ya Hatari ilikuwa haijaondolewa. Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakuandikishwa pasipo hati ya kushuhudia uaminifu wake kwa serikali. Kwa kuwa Wakikuyu wengi waliikosa hati hiyo, kura za Meru zilipata uzito mkubwa. Watoto wa mama mmoja, huyu akishika hati, yule akiwa kizuizini Manyani! Na kanuni za uchaguzi ule zilimruhusu mwenye elimu, mali au utumishi wa kutosha kuwa na hadi kura tatu.

Basi mwalimu wetu aliingia kwa mlango uliofungwa mbele ya jirani zake. Hatumlaumu kwa kuingia. Tunamheshimu kwa sababu yeye na wenzake saba walikataa uwaziri, wakadai viti 15 zaidi. Walipewa sita, na mwaka 1958 Jeremiah Nyagah, mwalimu wa Embu, akachaguliwa. (Nyagah huyo baadaye alidumu miaka mingi kama waziri wa serikali ya chama kimoja, tusilifiche.)

Musa Mwariama alitoka msituni Desemba 1963 pamoja na wapiganaji wake. Mwaka 1957 hakuna aliyewauliza wamtaka nani.

Nasi je? Mwaka 1988 wananchi walipangwa mlolongo hadharani. Mwaka 1992, vyama vingi vikiwa vimerudi, vijana wengi hawakuandikishwa kwa kukosa vitambulisho. Sisi wenye kadi tulipiga kura, tukaenda zetu nyumbani, wala hatukuuliza ni majina ya nani yaliyokosekana daftarini.