Bata wa Lambo ni wa Nani?



Ukimuuliza mtu wa Dodoma mjini kuhusu wanyamapori wa Chemba, atakutajia Pori la Akiba Swagaswaga, kilometa za mraba 871, na tembo wake. Bata hamtaji. Mimi leo nimemjia bata, maana ndiye anayeiumbua sheria yetu.

Mvua ikikolea Januari, lambo lililochimbwa kunyweshea ng'ombe hujaa, na hazipiti siku nyingi bata maji na bata bukini wameshatua. Ardhi ile ni ya kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999. Bata yule, kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Na. 5 ya 2009, ni mali ya umma aliyodhaminiwa Rais kwa niaba yetu. Namba ni moja, ila sheria zenyewe hazisalimiani. Anayezoa tope la lambo ni mwanakijiji. Leseni ya kumwinda bata haitoki kijijini.

Hata kalenda haikumfikiria. Kwa miaka mingi msimu wa uwindaji ulianza Julai mosi ukaisha Desemba 31: kiangazi, njia zinapitika, nyati anaonekana. Ilikatwa kwa kipimo cha nyati. Kwa bahati ilimsitiri bata, ambaye hutaga mvua zikishaotesha nyasi. Lakini kiangazi, vidimbwi vikibaki vichache, ndege hujazana humo, na mgeni hudhani wako tele. Anachokihesabu pale ni uhaba wa maji.

Sasa marisau, zile punje za risasi za bunduki, na hapa naomba mnivumilie kidogo. Bata hana meno. Humeza changarawe zikamsagie chakula ndani ya firigisi. Marisau yaliyokosa shabaha huzama topeni, naye huyaokota akidhani ni changarawe. Risasi ikasagika, ikaingia kwenye damu, na ndege ambaye hakupigwa akadhoofu hadi kufa. Mkataba wa AEWA wa ndege wa maji wanaohama, uliokubaliwa The Hague mwaka 1995 na ambao Tanzania ni mwanachama wake, unataka marisau ya risasi yaachwe kwenye maeneo oevu. Wazee wa Kisandawe waliokulia kwenye upinde nawaona wanacheka: mshale ukikosa, mwenyewe huufuata.

Marekani, tangu 1934, mwindaji wa bata hununua stempu, na fedha yake hununua au kukodi maeneo oevu. Wawindaji wetu wa bata ni wachache mno kubeba mzigo huo, wala sisemi tuige. Ninachokitamani ni ule mkondo: fedha ya ndege kuyafuata maji.

Maji yenyewe, basi. Mto Bubu hauendi baharini. Hupita Kondoa na Chemba, ukafia kwenye kinamasi cha Bahi, kwa wavuvi, wakulima wa mpunga na ndege. Juu yake umepangwa mradi wa Bwawa la Farkwa, kuipatia Dodoma maji, nami pia nakaa mji huu wenye mabomba makavu. Wahandisi watatueleza lita zitakazotufikia. Ningeomba ukurasa huohuo uandike ni mwezi gani, na kwa kiasi gani, lango litafunguliwa ili Bahi ifurike bata anapotaga.