Mfano wa Meli ya Kigoma: Hotuba Katika Sherehe ya Miaka Kumi



Nimeombwa nieleze kwa nini vijana wanaojifunza ufundi katika karakana yetu wataka kuunda mfano wa meli. Yaliyonenwa barazani nimeyasikia: kwamba Meru haina bahari, na Ziwa Duluti halihitaji meli. Wapo pia wasemao kuwa mbao za mringaringa zingefaa zaidi kwa madawati ya shule. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, nami nitairudia.

Meli yenyewe ni Liemba ya Ziwa Tanganyika. Iliundwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, ikiitwa Graf von Götzen, urefu wake yapata mita 71. Haikuwa na magurudumu ya kupiga maji, kama ile merikebu ya Livingstone katika mto Zambezi. Ilisukumwa kwa rafadha, kwa nguvu za mvuke. Ilipokwisha kuungwa ilifunguliwa tena, ikatiwa katika masanduku 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari, na Kigoma kwa reli. Fundi Anton Rüter na Wajerumani wenzake wawili, pamoja na vibarua wengi ambao majina yao hayakuandikwa, wakaiunga upya, ikateremshwa majini tarehe 5 Februari 1915.

Vita vilipowageukia, Wajerumani waliizamisha wenyewe tarehe 26 Julai 1916. Lakini mafundi waliipaka mitambo grisi nene kwanza. Waingereza walipoiopoa mwaka 1924 waliikuta mitambo ingali yafaa, na tarehe 16 Mei 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mitambo hiyo ya mvuke ilidumu hadi miaka ya 1970, ilipowekwa ya dizeli.

Hapo penye grisi nataka nikae kidogo. Ni wangapi kati yetu ambao, msimu wa kahawa ukiisha, huiacha mashine ya kumenyea na maji na maganda ndani yake? Msimu ukirudi twaikuta imeshika kutu, ndipo tunapomkimbilia fundi mjini na kumlipa fedha ya mkulima.

Vijana wataunda kwa kipimo cha moja kwa kumi, yaani mita 7 na kidogo. Kila kipande kitatiwa namba, kifunguliwe, kichukuliwe hadi viwanja vya Themi siku za Nane Nane, na kiungwe mbele ya watu. Kijana awezaye kuifuata ramani ya meli hatababaishwa na ramani ya mashine ya kahawa.

Ama kuhusu madawati, napendekeza yapate mbao nzima zote, na meli ipewe masalio ya ujenzi wa ghala. Masalio yasipotosha, kipimo kipunguzwe nusu, iwe mita 3 na nusu. Hesabu ameiandika karani na kuibandika mlangoni pa ghala; isomeni kabla ya mkutano mkuu, kwa kuwa kura ni zenu.