Tulimwona Kando ya Barabara

Tunawasalimu kutoka Nyamira, nchi ya vilima, majani chai na mvua ya alasiri. Leo tunapenda kuzungumza nanyi juu ya safari, na juu ya kosa tulilolitenda safarini ambalo Bwana amelitumia kutufundisha.

Sisi ni mume na mke. Tangu kitinda mimba wetu alipokwenda chuo, tumekuwa na desturi ya kusafiri kwa pikipiki kila tunapopata likizo. Mmoja wetu huendesha, na mwingine hukaa nyuma na mfuko wenye chupa ya chai, ndizi na njugu. Jioni kabla ya safari tunakagua mnyororo, breki, mafuta na upepo wa magurudumu. Asubuhi tunavaa helmeti na makoti ya mvua, tunashikana mikono kando ya pikipiki na kuomba, kisha tunaondoka.

Watu hutuuliza, "Mbona hampandi matatu kama wengine?" Jibu letu ni hili: mwenye pikipiki anaweza kusimama mahali popote panapompendeza. Kwa njia hiyo tumeona mengi. Tumesimama juu ya ukingo wa Manga tukatazama mashamba yaliyo chini yetu. Tumefika Tabaka, tukawaona mafundi wakichonga mawe laini ya Kisii. Mara moja tulipita Keroka, Sotik, Bomet na Narok hata tukafika Mai Mahiu. Huko tuliingia katika kikanisa kidogo sana kilicho kando ya barabara, kilichojengwa mwaka 1942 na wafungwa wa vita Waitalia, waliokuwa wakitengeneza barabara ya kuteremkia Bonde la Ufa. Watu waliokuwa mbali na kwao, tena wafungwa, walijitengea mahali pa kuomba. Tulitoka humo tukiwa tumenyamaza.

Basi, ndugu wapendwa, siku moja ya likizo tuliamua kwenda Kendu Bay, kuliona ziwa dogo liitwalo Simbi Nyaima. Tuliondoka saa moja asubuhi. Manyunyu yalikuwa yameanza, na wingu zito lilikuwa nyuma yetu, nasi tulitaka kuliacha mbali. Kabla hatujafika Kisii, tulimwona mama mzee ameketi juu ya jiwe kando ya barabara. Alikuwa na mtoto mapajani, amemfunika kwa leso. Alipotuona aliinua mkono.

Tulipunguza mwendo. Kisha tukaongeza mwendo, tukapita.

Sababu tulikuwa nazo, tena nzuri. Sheria ya Kenya inaruhusu pikipiki kubeba abiria mmoja tu, nasi tulikuwa wawili tayari. Barabara ile ina watu wengi wa boda boda, kwa hiyo tuliambiana kwamba mwingine atamchukua. Na mvua ilikuwa inakuja. Tulipofika Kisii tulikuwa tumekwisha kumsahau.

Safari iliendelea vizuri. Tulinywa chai Oyugis, tukateremka kuelekea ziwani, joto likaanza, tukavua makoti. Karibu na Kendu Bay tulipaona Gendia, mahali ambapo wamisionari Waadventista walianza kazi mwaka 1906. Mmoja wao, Peter Nyambo, alikuwa Mwafrika kutoka nchi ambayo leo tunaiita Malawi. Tukasemezana jinsi mtu huyo alivyokuwa mgeni kabisa katika pwani ile, asiye na jamaa wala shamba. Tulisema hayo kwa midomo yetu wenyewe, na bado hatukumkumbuka yule mama.

Hatimaye tukafika Simbi. Ni ziwa la mviringo, maji yake ni ya chumvi na ya rangi ya kijani. Wataalamu wanasema ni shimo lililofanywa na moto wa volkano. Lakini wenyeji Waluo wana hadithi yao, ambayo husimuliwa kwa namna mbalimbali, na mama mmoja tuliyemkuta hapo alitusimulia hivi.

Zamani palikuwa na kijiji mahali pale. Usiku mmoja watu walikuwa kwenye karamu, wakila, wakinywa na kucheza. Akaja bibi kizee, mgeni, mchovu, akaomba chakula na mahali pa kulala. Wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu alimwonea huruma, akampeleka nyumbani kwake. Yule bibi akamwambia aondoke kijijini upesi. Alipokwisha kuondoka, mvua kubwa ikanyesha, maji yakafurika, na kijiji chote kikazama. Ndiyo maana ya jina lile: kijiji kilichozama.

Wapenzi wasikilizaji, wakati huo hatukuweza kutazamana. Kila mmoja wetu alijua mwenzake anamfikiria nani.

Hatukukaa sana. Tuliiwasha pikipiki, tukarudi kwa njia ile ile, bila kusimama kutazama kitu. Tulifika kwenye lile jiwe jua likikaribia kuzama. Hapakuwa na mtu. Tukauliza katika duka lililokuwa karibu. Mwenye duka akatuambia kwamba mama yule alikuwa akimpeleka mjukuu wake hospitali, kwamba mtoto alikuwa na homa kali, na kwamba alikaa pale mvuani mpaka karibu saa nne, alipopita kijana wa boda boda akamchukua bila kumdai nauli.

Juma lililofuata tulielekezwa nyumbani kwake. Mtoto, kwa neema ya Mungu, alikuwa amepona, anacheza uani. Tulimsalimu mama kwa Kigusii, akatukaribisha, akatupa viti na ndizi za kuchemsha. Tulipomweleza sisi ni akina nani, alicheka kwa upole, akasema, "Lo, wanangu, msijisumbue. Nilijua hamkuniona."

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea. Tungeweza kunyamaza tu. Lakini tulimjibu, "Hapana, mama. Tulikuona."

Alinyamaza kidogo. Kisha akasogeza sahani mbele yetu na kusema, "Haya, kuleni." Ndizi zile zilikuwa ngumu kumeza.

Ndugu wapendwa, fungueni Injili ya Luka, sura ya 10, msome tena mfano wa Msamaria mwema. Kuhani na Mlawi hawakuwa vipofu. Bwana Yesu anaeleza wazi kwamba kila mmoja wao alimwona yule aliyejeruhiwa, ndipo akapita upande wa pili. Pengine nao walikuwa na sababu nzuri, na hata sheria ya kutaja. Msamaria naye aliona vilevile, ila yeye alishuka kutoka kwenye mnyama wake. Kwa kuwa majeruhi alipandishwa juu ya mnyama, bila shaka mwenye mnyama alikwenda kwa miguu.

Hilo ndilo tulilokosa kulifikiri siku ile. Pikipiki yetu haikuweza kubeba watu wanne, ni kweli. Lakini mmoja wetu angeweza kushuka, akangoja dukani, na mwingine akampakia mama akiwa na mjukuu wake. Na kama hilo lisingewezekana, tungeweza walau kusimama, kumuuliza ana shida gani, na kumwitia boda boda. Ingetugharimu nusu saa. Ziwa la Simbi lilikuwapo kabla ya babu zetu. Lingetungoja nusu saa.

Tangu siku ile bado tunasafiri, kwa maana kuitazama kazi ya mikono ya Mungu ni jambo jema. Ila tumeongeza neno moja katika maombi yetu ya asubuhi kando ya pikipiki: "Bwana, tupe nguvu ya kusimama." Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania, sura ya 13, anatukumbusha kwamba wako waliowakaribisha wageni na kumbe walikuwa wamewakaribisha malaika. Sisi malaika hatukumtambua, lakini mama mzee tulimwona.

Je, wewe msikilizaji, ni nani aliyeinua mkono juma hili, ukapita? Kama bado unaweza kurudi, rudi leo. Na ukiambiwa, "Nilijua hukuniona," sema kweli.

Tuombe. Ee Baba, utusamehe kwa wote tuliowaona tukapita. Mbariki yule kijana aliyesimama. Utufundishe kushuka. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.