Siku ya Nne: Mpiga Kura wa Wawi Baada ya Matokeo

Mhadhara wa umma



Mtaniwia radhi nikianza na maziko. Kwetu, maiti akishazikwa, watu hukaa tanga siku tatu. Siku ya tatu hitma husomwa, majamvi hukunjwa, masufuria ya kuazima hurudishwa kwa wenyewe. Siku ya nne mfiwa hutoka, na hapo ndipo jirani anapojua msiba umemfanya nini. Ameshika njia ya shamba au amekaa barazani kutazama barabara? Ukimsalimu, anaitikia?

Uchaguzi nao una siku yake ya nne. Waangalizi huja kuitazama siku ya kura, wakavaa fulana zao zenye mifuko mingi, wakapiga picha foleni. Wachache hungoja matokeo. Kisha hupanda ndege hapo kiwanjani petu, na ripoti husema hali ilikuwa shwari. Aliyebaki hapa Wawi, kisiwani Pemba, mpaka siku ya nne ni Mwawi mwenyewe, na yeye haandiki ripoti. Mimi nimekuja kuisema hiyo siku ambayo haikuandikwa.

Jumatano ya tarehe 28 Oktoba 2015 nilikuwa kwenye ua wa jamaa zangu, si mbali na kiwanda cha makonyo. Kina mama walikuwa wamelizunguka jamvi wanachambua karafuu, huku karafuu, huku makonyo. Wenzetu wa Bara wasiojua: makonyo ni vile vikonyo vinavyobaki karafuu ikishanyambuliwa, na kiwanda hukamua mafuta humo. Likaja tangazo kwamba Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, ameufuta uchaguzi wa Jumapili. Nilitazama mikono. Haikusimama. Vidole viliendelea kunyambua kama vile redio imetaja bei ya mchele. Baadaye kidogo bibi mmoja, bila ya kuinua uso, akauliza: "Na zile mbili?"

Kijana mmoja hakumwelewa. Bibi akamfafanulia. Jumapili alipewa karatasi tano: Rais wa Muungano, Mbunge, Rais wa Zanzibar, Mwakilishi na Diwani. Zote tano alizipigia chumba kimoja, mbele ya mawakala wale wale, kidole kimoja kikatiwa wino. Ikiwa tatu zimeharibika, zile mbili zimesalimika vipi?

Nimesoma makala nyingi za wanasheria juu ya siku ile, na sijaona swali lililokatwa vizuri kuliko hilo. Kesho yake, tarehe 29, John Magufuli akatangazwa Rais wa Muungano, na kura za Wawi zikiwamo katika hesabu yake. Mbunge wa Wawi aliyechaguliwa Jumapili ile akenda Dodoma kula kiapo. Wawakilishi waliochaguliwa kwa karatasi nyingine, siku hiyo hiyo na majengo hayo hayo, wakaambiwa hawakuchaguliwa. Uchaguzi wa marudio ukawekwa tarehe 20 Machi 2016. Chama cha upinzani cha CUF kikasusia. Dk. Ali Mohamed Shein akatangazwa mshindi wa urais wa Zanzibar kwa asilimia 91.4.

Na hapa Wawi ina kisa chake, nacho sitaki kukiruka. Katika marudio yale, aliyetangazwa wa pili ni Hamad Rashid Mohamed wa chama cha ADC, kwa kura 9,734. Huyu alikuwa mbunge wenu. Alikwenda Dodoma kwa kura zenu chini ya CUF, na kuanzia 2005 hadi 2010 aliongoza kambi ya upinzani katika Bunge la Muungano. Januari 2012 chama kikamvua uanachama, naye akakimbilia mahakamani. Mwaka 2016 aliingia katika uchaguzi ambao wengi wa waliompigia kura zamani waliamua kubaki majumbani, na baada yake akawa waziri katika Serikali ya Dk. Shein. Wapo wanaomwona aliyeokoa kilichookoleka, na wapo ambao mpaka leo jina lake hulitaja kwa kulipunguza herufi. Mimi sikuja kumhukumu. Ninachotaka muone ni kwamba kwa mpiga kura wa hapa matokeo hayakuwa takwimu za Tume tu. Yalikuwa na sura ya mtu anayemjua.

Siku ya nne ya mwaka ule ilikuwa ndefu, ilichukua miezi. Pemba ikaingia katika kususiana. Mtu anapita mlango wa duka la jirani yake, sukari anaiona, akaenda kuinunua mbali kwa mwenye duka wa "upande wetu". Dereva wa gari ya abiria anapunguza mwendo, akimtambua aliyesimama, anaongeza. Mikarafuu ilikatwa usiku. Polisi wakakamata watu, viongozi wakakemea. Kileleni nako ilikuwa vivyo hivyo: Agosti 2016, kwenye maziko ya Rais wa zamani wa Zanzibar, Mzee Aboud Jumbe, kiongozi wa CUF, Maalim Seif Sharif Hamad, alikataa kuupokea mkono wa Dk. Shein mbele ya halaiki. Mkono ule ulizungumzwa mabarazani zaidi kuliko hotuba yoyote ya mwaka ule.

Vijana wakadhani wamezua jambo jipya. Hapana. Wazee wetu waliita miaka ya 1957 hadi 1963 "zama za siasa", kana kwamba kabla yake hapakuwa na siasa na baada yake zikaisha. Katika zama hizo visiwani watu waligomeana maduka, mabasi, visima, harusi na misiba. Mfuasi wa chama cha Hizbu hamziki wa Afro-Shirazi, wa Afro-Shirazi hamsalii wa Hizbu. Na kisa chake kikubwa kimoja kilitokea mlangoni petu. Januari 1961 viligombewa viti 22. Afro-Shirazi ikapata 10, Hizbu 9, na chama cha ZPPP cha Sheikh Muhammad Shamte viti 3. Katika vile 10 vya Afro-Shirazi kimoja kilikuwa cha Chake Chake, na kilipatikana kwa kura moja.

Kura moja! Nani katika wilaya hii aliyelala vizuri wiki ile? Kila mfuasi wa upande ulioshindwa ambaye hakwenda kituoni, mwenye homa, aliyekwenda kumtafuta ng'ombe aliyekata kamba, aliweza kujiona kuwa ndiye aliyeiuza nchi. Na kama hakujiona yeye, mkewe alimwonesha. Hakuna upande uliopata wingi, nchi ikakwama, uchaguzi ukarudiwa Juni, zikazuka ghasia Unguja na watu 68 wakauawa. Mwaka 1963 Afro-Shirazi ikapata kura nyingi, zaidi ya nusu, na viti vichache, 13 kati ya 31. Januari 1964 yakaja Mapinduzi.

Tangu hapo Mpemba amekuwa mtu wa kuhesabu. Mwaka 1995, vyama vingi viliporudi, Dk. Salmin Amour alitangazwa Rais wa Zanzibar kwa kura 165,271 dhidi ya 163,706 za Maalim Seif. Tofauti ni 1,565, watu wasioujaza uwanja wa Gombani. Viti vyote 21 vya Pemba vilikwenda CUF. Mwaka 2010 Dk. Shein alimshinda Maalim kwa kura 3,471. Wazee waliopo hapa wanazijua tarakimu hizi kwa moyo kama wanavyojua sura fupi za Juzuu Amma, na wengine huzisoma kwa sauti ile ile.

Mnaona kwamba matokeo ya karibu-karibu hayakuzaa mwitikio mmoja. Ya 1995 yalizaa uchungu wa miaka. Uchaguzi wa 2000 ukaongeza, na Januari 2001 maandamano yakakutana na risasi. Human Rights Watch ilitaja vifo visivyopungua 35, na zaidi ya watu 2,000 wakavuka bahari kwa mashua hadi Shimoni, Kenya. Nchi iliyokuwa ikipokea wakimbizi wa majirani ikatoa wa kwake. Lakini yale ya 2010, yenye pengo jembamba vile vile, yalipokelewa kwa utulivu ambao hatukuwa tumeuzoea. Maalim alikubali, akashikana mkono na Dk. Shein, na Wawi watu wakarudi mashambani. Kwa nini?

Hawakuwa watu wengine, wala hawakuwa wamechoka. Tarehe 31 Julai 2010, miezi mitatu kabla, walikuwa wameulizwa katika kura ya maoni kama wanataka Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Aliyeshindwa Oktoba alijua kuwa kura yake ina pa kukaa: Makamu wa Kwanza wa Rais, mawaziri, kiti mezani. Aliyeshindwa 2016 hakuwa nacho. Umakamu wa Kwanza ulibaki bila ya mtu hadi Desemba 2020.

Hapa naomba niseme langu, na anayetaka kunipinga atapewa nafasi. Watu husema Wapemba ni watu wa kinyongo, wana siasa ndani ya damu. Maneno hayo ni ya uvivu. Damu ya 2010 na ya 2016 ni moja. Kilichobadilika ni mlango. Katiba ya Zanzibar, kama ya Muungano, inaizuia mahakama yoyote kuuchunguza uchaguzi wa Rais akishatangazwa na Tume. Kenya, Septemba 2017, aliyeshindwa alikwenda Mahakama ya Juu na mahakama ikaubatilisha ushindi wa Rais aliyekuwa madarakani. Sisemi Kenya ni peponi, wao wana makaburi yao ya 2007 na 2008. Nasema mlalamikaji wa Kisumu alikuwa na karani wa kumpokelea karatasi zake. Mlalamikaji wa Wawi alikuwa na nini? Alikuwa na duka la jirani. Huko ndiko alikoipeleka kesi yake, na huko ndiko alikotoa hukumu, kwa mtu ambaye hakuhesabu kura hata moja.

Na hili nalisema kwa uchungu, maana wengi wetu hapa tulisusa au tulisusiwa. Dini yetu imeifanya kumzika maiti kuwa fardhi kifaya: wakiifanya baadhi, wengine wamesalimika, isipofanywa, mji mzima una dhambi. Jeneza kwetu hupokezanwa bega kwa bega, huyu akishika hatua chache anampisha mwenzake, mpaka makaburini. Mwaka ule wa kususiana nililifuata jeneza moja ambalo wabebaji hawakutosha kupokezana. Wanne wale wale walilibeba kutoka uwani hadi kaburini, jasho linawatoka, na barabarani wanaume walikaa barazani wakitazama miguu yao. Marehemu alikuwa fundi. Nusu ya milango ya waliokaa kimya pale aliichonga yeye.

Simtaji, wala sisemi alikuwa chama gani. Mkijua chama chake, baadhi yenu mtaanza kupima kama alistahiki.

Kususa kuna kosa jingine, na hili ni la kisiasa. Mwenye mamlaka hakununua sukari dukani hapa, wala hakupanda gari ya Chake. Hakuumia. Kilichomfikia ni taarifa kwamba Pemba kuna wakorofi, na dawa ya wakorofi anaijua. Kisha vurugu zikipoa huletewa taarifa nyingine kwamba Pemba sasa shwari. Hiyo ya pili ndiyo inayonitisha zaidi. Mwaka 2020 Dk. Hussein Mwinyi alitangazwa Rais wa Zanzibar kwa asilimia 76.27, na Maalim Seif asilimia 19.87, baada ya siku ambazo risasi zilisikika kisiwani humu. Maalim aliingia serikalini Desemba, na tarehe 17 Februari 2021 akafariki. Siku alipozikwa Mtambwe, watu waliolia hawakuwa wanamlilia mtu mmoja tu. Mwaka 2025, kura ya tarehe 29 Oktoba ilimpa Dk. Mwinyi karibu asilimia 75, na Othman Masoud Othman wa ACT-Wazalendo asilimia 23. Bara barabara ziliwaka moto. Huku kulikuwa kimya.

Kimya cha 2025 nilikisikiliza. Hakikuwa kimya cha 2010. Mwaka 2010 watu walikuwa wakibishana barazani kwa furaha, nani angepewa wizara gani. Mara hii nilipouliza matokeo, niliambiwa bei ya karafuu. Niliuliza tena, nikaambiwa mvua za vuli zimechelewa. Mtu anapokwambia habari za mvua wakati umemuuliza habari za kura, amekwisha kukujibu, na ni juu yako kuelewa. Serikali inayolisoma jibu hilo kama ridhaa inajisomea yenyewe.

Sasa nina ombi moja, na ni kwa wanafunzi. Mtu aliyekuwa na miaka 21 ile Januari ya kura moja, leo ana miaka 85 na zaidi. Wawi bado wapo wachache, na Vitongoji, na Ole. Daftari la Tume halitawaandika, wala mhadhara huu haukutosha. Nendeni mkakae nao kabla ya msimu kwisha, na chukueni kalamu. Msiwaulize walimpigia nani, hilo ni lao. Waulizeni siku ya nne walinunua chumvi duka la nani.