Magoti na Visigino vya Wakulima wa Kosele: Mwendo, Mkao na Mazoezi ya Nguvu

Mada kwa semina ya wahudumu wa afya ya jamii, Kosele, Kaunti ya Homa Bay



Mnapopita boma kwa boma hamkosi kusikia malalamiko haya mawili: goti linauma mtu akiinuka, na kisigino kinachoma asubuhi akikanyaga chini. Wengi huambiwa wapumzike. Wengine hununua diklofenaki dukani na kuimeza wiki baada ya wiki, mpaka tumbo linachubuka, presha inapanda na figo zinadhurika. Kupumzika mno nako hulegeza misuli ya paja, na goti lisilo na paja imara huzidi kuuma. Mgonjwa huyu anahitaji nguvu, na nguvu hujengwa.

Kuhusu mwendo na mizigo, mama zetu wana la kufundisha. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Profesa Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake, waliowapima wanawake Wajaluo na Wakikuyu wakitembea na mizigo. Walibeba hadi sehemu ya tano ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya wanapotembea mikono mitupu. Utafiti ule ulipima pumzi, haukupima magoti. Hata hivyo unatukumbusha kiasi: kwa mama wa kilo 60 hiyo ni kilo 12, na mtungi wa lita 20 uliojaa unapita hapo kwa mbali. Heri safari mbili za mtungi wa lita 10.

Sasa twendeni shambani. Mtazameni anayevuna viazi vitamu hapa Kabondo. Amechuchumaa kando ya tuta, anafukua, anasogea bila kusimama, kisha anainuka kwa kulisukuma goti kwa kiganja. Tazameni goti lenyewe: linalalia ndani, kuelekea mwenzake, na unyayo unabonyea upande wa kidole gumba. Hapo ndipo mfupa wa goti unapobanwa vibaya. Mwambieni atangulize mguu mmoja, akanyage unyayo mzima, aelekeze goti kwenye kidole cha pili, ndipo asukume kwa makalio. Na asimame kunyoosha miguu kila anapomaliza tuta, hata kama jirani anamharakisha.

Zoezi la goti linahitaji kiti tu. Mikono kifuani, ainuke akihesabu hadi tatu, aketi kwa hesabu ileile. Mara 8 hadi 12, apumzike, arudie hadi mizunguko mitatu, siku tatu kwa wiki. Nyanya asiyeweza aongezewe mto juu ya kiti, na mto upunguzwe kadiri anavyopata nguvu. Maumivu madogo wakati wa zoezi hayana neno. Yakizidi hadi kesho yake, apunguze idadi. Nafuu haiji kwa siku mbili. Aipe misuli wiki sita hadi nane.

Kwa kisigino, akunje leso, aiweke chini ya vidole juu ya ngazi au kizingiti, ashike ukuta, ainue visigino polepole, atulie kidogo, kisha ashushe; siku moja afanye, inayofuata apumzike. Watafiti wa Denmark walionyesha mwaka 2014 kwamba baada ya miezi mitatu waliofanya zoezi la namna hii walikuwa na nafuu kuliko walionyoosha unyayo tu. Mwaka ulipotimia makundi yalikuwa yamekaribiana. Kwa mkulima, nafuu ya mapema ni msimu mzima wa kilimo, kwa hiyo nalipendekeza bila kusita.

Wako wasiofaa kupewa mazoezi kwanza. Goti lililovimba na kuwa moto pamoja na homa, mguu mmoja uliofura ghafla, mtu wa kisukari mwenye kidonda au ganzi ya unyayo, na mtoto mwenye selimundu anayelia mifupa: hao wapelekwe hospitalini siku hiyohiyo.

Sasa tusogeze viti. Tugawane wawili wawili, mmoja ainuke, mwenzake atazame magoti.